Sungura wa nyumbani wawekewe alama, tena tuanze na sikio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie sungura, na sisemei sungura wa kitoweo, nasemea hawa wanaofugwa nyumbani na watoto, wana majina yao, wanakula majani ya viazi mkononi mwa mtu, wengine wanalala sebuleni kabisa. Siku hizi mjini wamekuwa wengi mno maana hawapigi kelele, hawahitaji uwanja mkubwa na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwahudumia mwenyewe. Lakini nyumba karibu zote ninazoingia sioni sungura mwenye alama yoyote. Mbwa ana mkanda shingoni, ng'ombe kule vijijini wanavishwa hereni za kielektroniki, na sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo tunayo toka 2010, ila sungura wa mtoto hana kitu. Akichimba chini ya ukuta akatokea upande wa pili ndo basi tena.

Kilichonisukuma niandike ni kesi iliyofika kwa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa hapa Tabata, familia mbili zinagombea sungura mmoja. Ni wale New Zealand White, weupe pee, macho mekundu, na kama umewahi kuwafuga unajua ukiweka watano pamoja hata wewe mwenye mali unaanza kubabaika. Sungura mwenyewe yuko ndani ya boksi la sabuni, amejikunja kwenye kona, pua inamcheza haraka haraka, watoto wawili wanalia kila mmoja upande wake. Mwenyekiti akauliza swali moja tu, una alama gani? Huyu akasema wangu ni mpole, yule akasema wa kwetu akiitwa anakuja. Sasa sungura aliyejaa woga mbele ya umati wote ule hamwendei mtu, hata angekuwa umemlea toka hajafumbua macho. Mwisho akapewa aliyekuwa na picha kwenye simu, picha ya karibu inayoonyesha kakovu kadogo kwenye sikio la kulia, wakalinganisha, kovu likakutwa palepale. Yani bila lile kovu kesi isingeisha.

Baada ya pale majirani wengi wakaanza kuniuliza, mama tufanye nini, tuweke chipu? Ndo maana nimeona bora niandike kwa kirefu, kwa sababu watu wanasikia neno chipu wanadhani ni kitu cha kumfuatilia mnyama kwenye ramani ya simu, sivyo. Chipu ya mnyama ni kitu kidogo kama punje ya mchele, urefu wake milimita 12 hivi na unene 2, na zipo ndogo zaidi za milimita 8 ambazo mimi naona ndizo zinazomfaa sungura, hasa hawa wenye umbo dogo. Haina betri na haina GPS. Inachomwa kwa sindano nene chini ya ngozi katikati ya mabega, inakaa humo kimya maisha yake yote, na kitu pekee inachojua kufanya ni kutaja namba pale skana, yani kifaa cha kuisoma, inapopitishwa karibu yake, sentimita chache tu. Hiyo namba kwa kiwango cha kimataifa cha ISO ina tarakimu 15. Zile tatu za mwanzo zinataja nchi au kiwanda, na nyingi utakazokutana nazo zinaanza na 9 maana yake ni namba ya kiwanda. Basi, hapo ndo mwisho wa kazi ya chipu. Jina lako halimo, simu yako haimo. Jina na simu vinatakiwa vikae mahali pengine, kwenye orodha ambayo mtu mwenye skana anaweza kuifungua, na usipoandikisha unakuwa umemchoma mnyama sindano kwa ajili ya namba isiyompeleka mtu popote.

Siipingi chipu, naomba nieleweke. Haipotei, haifutiki, mwizi hawezi kuing'oa kirahisi, na haimsumbui mnyama akishapona kale katundu ka sindano. Kwa England mbwa wote lazima wawe nayo tangu 2016 na paka tangu Juni 2024, sungura hawamo kwenye sheria hiyo ila kule wapo wenye sungura wanaowawekea kwa hiari. Kinachofanya ifanye kazi kule ni kwamba mnyama akiokotwa anapelekwa kliniki au kituo cha kutunza wanyama, na pale kitu cha kwanza ni skana. Sasa tujiulize sisi, sungura akiokotwa Tabata au Mbagala au Kigogo anapelekwa wapi? Aliyemuokota hana skana na jirani yake hana. Wengine watauliza mtaani, wengine watamfungia na wa kwao, na tuseme ukweli, wengine watamuona ni mboga ya jioni. Chipu iko ndani ya ngozi haionekani, kwahiyo haimzuii mtu mwenye kisu, haimwambii kwamba huyu ana mwenyewe. Sungura anahitaji alama ambayo mtu wa kawaida ataiona kwa macho yake akimshika tu, aseme aah, huyu ni wa watu.

Ndo nasema tuanze na sikio.

Tatuu ya sikio sio kitu kipya, wafugaji wanaitumia miaka mingi sana. Marekani kwenye mashindano ya ARBA, chama chao cha wafugaji wa sungura, sungura hapandi mezani kama hana tatuu kwenye sikio la kushoto, la kulia linaachwa kwa ajili ya namba ya usajili. Na sisi tukichukua utaratibu huo huo wa sikio la kushoto kwa wote itatusaidia, kila mtu ajue aangalie wapi. Kifaa chake ni koleo lenye namba zilizoundwa kwa sindano ndogo ndogo, unapanga herufi na tarakimu, unabana mara moja, unapaka wino unaingia kwenye vile vitundu. Hakuna umeme, hakuna intaneti, hakuna ada ya kila mwaka. Koleo moja linatosha mtaa mzima, mkachanga wenyewe au bwana mifugo wa kata akawa nalo.

Lakini kuna maumivu, na hapa siwezi kupita haraka. Kuna watu watakwambia sungura hana shida, si unaona halii. Sungura kwa kawaida halii hata akiumia sana, ni mnyama wa kuwindwa, asili yake ni kuficha udhaifu. Watafiti wa Newcastle kule Uingereza mwaka 2012 walichapisha kazi yao waliyofanya hasa kwenye hili hili la kutoboa tatuu sikioni, wakawa wanaangalia uso wa sungura, na wakaonyesha kwamba uso unasema kila kitu: macho yanabanwa nusu, mashavu yanabonyea, pua inachongoka, masharubu yanabadilika mkao, masikio yanakunjwa kulala nyuma. Wale waliopakwa krimu ya ganzi kwanza walionyesha maumivu pungufu kuliko wasiopakwa. Krimu yenyewe sio muujiza, ni ile ile yenye lidokeini na prilokeini inayotumika hata kwa watoto kabla ya sindano. Kwahiyo mtu akija na koleo bila ganzi mwambie arudi nayo. Mwambie kwa heshima lakini usilegeze, kwa sababu baada ya kusoma haya mtu huwezi tena kusema hukujua.

Nieleze inavyofanyika nilivyoiona ikifanywa vizuri, maana ukikosea hapa unamharibu mnyama. Sungura awe ameshaachishwa kunyonya na sikio limetanuka vya kutosha, wiki ya 8 hivi ni umri mzuri. Kwanza koleo linajaribiwa kwenye kipande cha karatasi, lazima, kwa sababu namba zikipangwa kinyume zinatokea kinyume na sikioni hakuna kifutio. Sindano zinasafishwa kwa spiriti, na kwa kila sungura zinasafishwa upya. Krimu inapakwa ndani ya sikio la kushoto, inaachwa muda wake ifanye kazi. Halafu sungura anafungwa kwenye khanga, miguu yote ndani, kichwa tu nje, anapakatwa na mtu anayemjua, mgongo umeegemea tumbo la mtu. Msimning'inize kwa masikio jamani, hata siku moja, na miguu ya nyuma isiachwe hewani, sungura akirusha teke la nguvu akiwa ameshikwa vibaya anaweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo na hapo hakuna dawa. Fundi anafungua sikio, anamulika tochi ya simu kwa nyuma, mishipa yote inajitokeza, ule mkubwa wa katikati na ile ya pembeni, anatafuta uwanda usio na mshipa mkubwa katikati yake. Anabana kwa nguvu, mara moja, anaachia. Ukibana kwa woga nusu nusu namba haitoki na utalazimika kurudia, na kurudia ndo mateso. Wino unasuguliwa kwa kidole gumba mpaka uingie, kama kuna katone ka damu inakandamizwa kwa pamba, halafu mafuta ya mgando juu. Baada ya hapo usimuoshe sikio, acha. Vigaga vikishadondoka vyenyewe namba inasomeka. Kwa sungura mweusi au wa kijivu wino mweusi hauonekani vizuri, watu wanatumia wa kijani, na tochi nyuma ya sikio inasaidia kusoma.

Swali linalofuata watu wanauliza niandike nini, jina? Nafasi ni ndogo, koleo za kawaida zinabeba herufi na tarakimu nne au tano. Mimi nashauri herufi ya kwanza ya ukoo na tarakimu nne za mwisho za simu ya nyumbani, simu ambayo hubadilishi badilishi. Haimpi aliyemuokota namba nzima, ila ukitokea kudai sungura wako huhitaji mashahidi, unataja namba, sikio linafunuliwa, limeisha. Na aliyemuokota akitangaza kwenye grupu la wasapu la mtaa kwamba nimeokota sungura mweupe ana alama sikioni, mwenyewe aje ataje, hakuna tapeli atakayebahatisha.

Sasa nije kwenye njia nyingine ambazo naziona mitaani na zinanitia uchungu.

Kola ya shingoni. Naelewa inapendeza, watoto wanapenda, kuna zenye kengele. Sungura anajikuna shingo kwa mguu wa nyuma, mguu unaingia kwenye kola unanasa, au anainamisha kichwa kujilamba kola inamnasa kwenye taya la chini, na kama hakuna mtu karibu anahangaika mpaka anajiumiza au anajinyonga. Kola ya lastiki ndo mbaya zaidi maana inavutika inaingia mdomoni kirahisi. Hata ile mikanda ya kifuani ya kumtembezea, avae ukiwa naye, ukimrudisha bandani vua.

Pete ya mguuni. Uingereza chama chao cha British Rabbit Council wanatumia pete za chuma kwenye mguu wa nyuma juu ya kifundo, lakini kule kila aina ya sungura ina saizi yake, inavishwa angali mdogo mguu ukipita, na mwenyewe anaikagua mara kwa mara maana mnyama akinenepa au manyoya yakijisokota ndani pete inakaba mguu unavimba. Huku kwetu watu wanachukua pete za plastiki za kuku wanavisha tu. Sungura anatafuna, anameza vipande, au inabana hakuna anayeangalia mpaka mguu unaoza. Kama huna saizi sahihi na huna muda wa kukagua kila wiki, achana nayo. Na uzi au waya ndo kabisa usithubutu.

Hereni nazo, kwa sababu ng'ombe anavishwa watu wanaona na sungura avishwe. Sikio la ng'ombe ni nene, la sungura ni ngozi nyembamba mno. Hereni ya chuma inanasa kwenye waya wa banda, akishtuka akiruka inachana sikio lote mpaka nje, au panaingia usaha. Na wale wanaokata ncha ya sikio kuweka pengo kama wanavyofanyiwa nguruwe, nawaomba muache. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto lake analipunguza kupitia hayo masikio na mishipa yake, na joto la Dar la Februari kila mtu analijua.

Makapeni ina kazi yake. Vitoto vya uzao mmoja vikiwa bado vidogo, vyote vyeupe, unaandika kialama ndani ya sikio kujua yupi dume yupi jike na yupi ameahidiwa nani. Inafifia ndani ya siku chache kwa sababu wanajilamba na mama anawalamba, unarudishia. Ni ya muda, inakusogeza mpaka siku ya tatuu.

Na picha, hii haina gharama kabisa na leo hii kila nyumba ina simu. Usipige picha ya sungura akiwa amekaa vizuri kwenye majani ukadhani inatosha, hiyo ni picha ya kupendeza. Piga sikio la kushoto limefunuliwa na tatuu yake, la kulia pia, piga uso mbele, piga ubavu huu na ubavu ule, piga tumbo, piga kucha maana kuna wenye kucha moja nyeupe katikati ya nyeusi. Wenye mabaka ndo rahisi zaidi, mabaka hayafanani kwa sungura wawili. Weka na daftari, tarehe aliyozaliwa au aliyonunuliwa, dume au jike, uzito, namba ya sikio. Akikua piga tena, manyoya ya utoto yanabadilika. Hata ukiwa na chipu na tatuu, picha ndo itakayozunguka kwenye simu za watu siku akipotea.

Chipu basi iwe kwa nani? Kwa anayehama nchi na sungura wake, huyo aulize mapema masharti ya kule anakoenda. Kwa mwenye sungura wa gharama wa mbegu. Na kwa yeyote mwenye uwezo anayetaka ulinzi wa pili juu ya tatuu, maana tatuu inaweza kufifia kwa miaka na chipu haififii. Hapa mjini kliniki zinazohudumia mbwa na paka wanaosafirishwa nje zinafanya kazi hiyo, kwa sababu mbwa au paka haingii nchi za Umoja wa Ulaya bila chipu. Ila kabla hujatoa hela uliza maswali haya bila aibu. Chipu ni ya kiwango cha ISO, tarakimu 15? Kuna za zamani za Marekani zina masafa ya redio tofauti na skana nyingine hazizisomi. Mtaipima kwa skana kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma? Namba yangu na simu yangu mnaiandika wapi, na nikibadilisha simu nawaambia nani? Daktari akijibu hilo la tatu kwa kubabaika, mwambie akuandikie namba ile kwenye kadi, ibandike kwenye daftari lako, na kwenye leja ya kliniki jina lako liwepo uione kwa macho. Na siku mnyama akipimwa skana ipite mwili mzima polepole, mabega, kifua, mpaka miguuni, kwa sababu chipu nyingine zinahama kidogo zinateremka kutoka pale zilipowekwa.

Nina maombi mawili na ndo nimalize. Kliniki za wanyama zenye skana ziandike mlangoni, kwa maandishi makubwa, HAPA TUNASOMA CHIPU BURE, ili mtu akiokota mnyama ajue aende wapi. Leo hii ukiwauliza watu kumi mtaani hakuna atakayekwambia skana iko wapi. Na maofisa mifugo wa kata, mnapopita kuchanja kuku na mbwa wetu, bebeni koleo la tatuu na krimu ya ganzi, tangazeni siku moja kabla kupitia kwa mwenyekiti, tutawaleta sungura wenyewe na gharama ya wino tutachangia. Hapa mtaani kwetu nimeshaongea na majirani na wako tayari, tunachosubiri ni mtu mwenye koleo.

Wenu msomaji na mfugaji,
Tabata, Dar es Salaam